Akawiaye na Akawizaye

Ukongwe ni shitaka jepesi kulitoa na zito kulijibu. Mzee akichelewa kuitikia salamu, husemwa kuwa masikio yamekwisha. Jahazi la zamani likichelewa kutia nanga, husemwa kuwa mbao zimeoza. Huenda mzee alikuwa katika nyiradi zake, na huenda jahazi lilikosa upepo, lakini hukumu imekwisha kupita. Suala la kimaadili lililomo humu ni hili: je, ni haki kumhukumu akawiaye kabla ya kumjua akawizaye? Suala hilo la kale limepata makao mapya katika kitu cha kawaida kabisa, nacho ni kompyuta ya mezani iliyokula chumvi nyingi, yenye diski ya nje iliyochomekwa ubavuni, ambayo kila asubuhi humngojesha mwenyewe dakika nyingi kabla ya kuwa tayari kwa kazi.

Kompyuta za namna hii zingalipo katika nyumba na ofisi nyingi za pwani, na aghalabu ziliingia zikiwa zimekwisha kutumika kwingine. Kwa kuwa nafasi ya ndani ni finyu, mwenyewe hununua diski ya nje na kuweka humo kila alicho nacho: tenzi alizozinakili kwa mkono wake, nyimbo za taarabu zilizohamishwa kutoka kwenye kanda, picha za harusi, hati za wakfu. Diski hukaa pale mwaka hadi mwaka, waya wake hauchomolewi. Kompyuta ianzapo kusuasua, hashukiwi mwingine ila kompyuta yenyewe. Avumaye baharini papa, kumbe wengi wapo.

Yafaa basi kuyatazama yatendekayo baada ya kitufe kubonyezwa. Programu ya awali, iitwayo BIOS, huamka kwanza na kufanya kazi ya mwenye nyumba aulizaye hali ya kila aliyelala ndani: kumbukumbu ipo, kibodi ipo, diski zipo? Diski ya nje ni mgeni katika nyumba hiyo, lakini nayo huulizwa. Sahani zake hazina budi kuzunguka kwanza, mara 5,400 au 7,200 kwa dakika katika diski nyingi, na kuifikia kasi hiyo huchukua sekunde kadhaa. Ikiwa mpangilio wa kuwaka umeitanguliza diski ya nje mbele ya ile ya ndani, kompyuta huanza kuipekua hiyo ikitafuta mfumo endeshi usiokuwamo, kisha ndipo irejee ndani. Pia mlango wa USB 2.0 umewekewa kiwango cha umeme cha miliampea 500. Diski isiyo na umeme wake yenyewe, ikihitaji zaidi ya hapo, hugonga-gonga, huzimika, hujaribu tena; na muda wote huo kompyuta yangoja.

Mfano ulio wazi zaidi umo katika mifumo ya Linux iendeshwayo na systemd. Mwenyewe akiiandika diski ya nje katika orodha ya diski zinazopaswa kuwapo wakati wa kuwaka, kisha siku moja akaiacha kabatini, mfumo huisubiri diski hiyo kwa kawaida sekunde 90 kabla ya kukata tamaa. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Mashine haikuifunzwa methali hiyo. Kwa mtazamaji aliye nje, huo ni uvivu wa kikongwe. Kwa ndani, ni utimizaji wa agizo aliloliandika mwenyewe huyo anayelalamika. Dawa yake ni neno moja, nofail, linaloongezwa katika orodha kuujulisha mfumo kwamba asiyekuja asizuie safari.

Njia ya kumpata akawizaye ni ya kale kuliko kompyuta. Ibn Sina, katika kitabu chake cha tiba, Al-Qanun, kilichokamilika mwaka 1025, alisharutisha kuwa dawa ijaribiwe katika ugonjwa mmoja, si katika magonjwa yaliyochanganyika. John Stuart Mill, katika kitabu chake cha mantiki cha mwaka 1843, alieleza kuwa hali mbili zikifanana katika kila jambo ila moja, na tukio likatokea katika hali moja tu, basi jambo hilo moja lina mkono katika tukio. Fundi mwema hufuata njia hiyo. Huzima kompyuta, huchomoa diski ya nje, huwasha tena akiwa na saa mkononi, kisha huichomeka na kupima upya. Ukawiaji ukitoweka diski inapoondoka, hubadili waya, kisha mlango, kisha mpangilio wa kuwaka, kimoja baada ya kimoja. Kwani abadilishaye vitatu kwa pamoja huweza kupona asijue kilichomponya. Ukawiaji ukibaki pale pale, basi ndipo kompyuta yenyewe ishitakiwe: diski yake ya ndani imechoka, kumbukumbu yake ni ndogo, au programu zijiwashazo zenyewe ni nyingi mno. Hapo uzee umepatikana na hatia kwa ushahidi.

Atakuwapo wa kupinga kwamba mashine haina moyo, na kwamba kuitafutia haki ni kupoteza wakati. Pingamizi hilo lina nguvu, lakini linasahau kilichomo ndani ya mashine. Mwenye haraka hununua kompyuta nyingine, maana kipya kinyemi ingawa kidonda, akachomeka ubavuni mwake diski ile ile. Diski inayochelewa kuitika yaweza kuwa diski inayokaribia kufa. Hivyo asiye na kosa ametupwa jaani, akaongezea taka za umeme ambazo duniani zilifikia tani milioni 62 katika mwaka 2022, na mwenye kosa amebakishwa akiwa ameshika tenzi zote mkononi. Siku itakaponyamaza, hakutakuwa na wa kuzisoma. Tenzi zile ni amana ya waliozitunga na ya watakaozirithi, wala mwenye diski si mmiliki wake peke yake. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya uchunguzi, kabla hata ya kugusa waya, ni kuinakili amana hiyo mahali pengine.

Kukawia kwaweza kuwa uzee, kwaweza kuwa maradhi, na kwaweza kuwa uaminifu kwa mtu asiyekuja. Mambo hayo matatu hufanana usoni, na kila moja lina haki yake: la kwanza hustahimiliwa au hupumzishwa, la pili hutibiwa, la tatu hufunguliwa ahadi. Kuyapambanua katika kompyuta hugharimu waya mmoja kuchomolewa na robo saa ya subira. Kuyapambanua katika watu hugharimu zaidi, na ndiko kunakosahauliwa zaidi.