Maandishi Yasiyotulia

Katika madhehebu yote manne ya Sunni, mtu asiye na udhu hagusi msahafu. Hilo nililifundishwa Ujiji nikiwa mdogo, kwa bakora zaidi kuliko kwa hoja. Simu yenye Kurani ndani yake ni habari nyingine. Wanazuoni wengi wa zama hizi wamesema simu si msahafu: herufi zinazoonekana kiooni ni mwanga unaowaka na kuzimika, hazikuandikwa juu ya kitu, basi mwenye simu na aishike bila wasiwasi. Marabi wa Kiyahudi, ambao kwao jina la Mungu likishaandikwa halifutwi, nao walipoulizwa juu ya kompyuta wengi walijibu vivyo hivyo. Kwenye skrini futa, hakuna kilichoandikwa.

Ni fatwa nzuri na inarahisisha maisha. Lakini mimi riziki yangu ni kuyatoa maandishi kwenye skrini na kuyaweka kwenye karatasi, na naona fatwa hiyo imejibu swali dogo ikaliacha kubwa. Kama herufi za kiooni tunazihesabu hazipo kwa kuwa hazikai, hapa duniani kinachokaa ni kipi?

Steshenari yangu iko Kashikishi, Zambia, karibu na soko, mahali ambapo harufu ya dagaa wa ziwa Mweru, wanaoitwa hapa chisense, haimtoki mtu nguoni. Wateja ni walimu wa Nchelenge wenye mitihani ya kuchapisha, wavuvi wanaotaka nakala ya kitambulisho, Wakongomani wa makazi ya wakimbizi ya Mantapala yaliyofunguliwa 2018, na wachuuzi wanaovuka ziwa kutoka Pweto na Kilwa. Nasema Kilwa ya Kongo, si ile ya Lindi. Kwa wenyeji nazungumza Kibemba changu cha kuungaunga. Kwa wanaovuka, Kiswahili. Nchi hii ilitangazwa kuwa taifa la Kikristo 1991 na Waislamu wa ufukwe huu tunajuana kwa nyuso, kwa hiyo ustadhi mmoja wa ng'ambo alipoingia dukani na simu yake akitaka nakala za sura ya Yasini za watoto wa madrasa, sikumharakisha.

"Fundi," akaniuliza, "hii kitabu iko wapi kama simu imezima?"

"Imo kwenye kumbukumbu ya simu, Baba."

"Iko mule na herufi?"

Hapo ikabidi nifikiri. Herufi hamna mule. Mna vijumba vidogo mno, kimoja kina chaji ya umeme, kingine hakina, na kwa kupokezana huko programu hujua hapa kuna yaa na hapa kuna siin. Mtu akiifungua simu kwa bisibisi hataona hata nukta moja ya maandishi. Herufi huzaliwa kiooni tu, na namna zinavyozaliwa yastahili kutazamwa kwa karibu.

Kutazama kwenyewe hakuhitaji darubini. Wavuvi huja dukani na mikono mibichi, na tone la maji likidondoka kwenye kioo cha simu iliyowaka hugeuka lenzi. Ndani ya tone, ule weupe wa ukurasa hupotea. Huonekana vijistari vyekundu, kijani na buluu vilivyopangwa bega kwa bega, basi. Nyeupe haimo. Njano ya ile picha ya mtumbwi aliyoiweka mwenye simu haimo pia. Ni nyekundu na kijani zinazowaka jirani, jicho likazichanganya lenyewe. Nimewaonyesha watu hili mara nyingi na kila mmoja hulifuta tone kwa haraka, utadhani limeharibu kitu.

Jambo la pili nililipata kwa kijana mmoja wa chisense aliyekuja akilalamika kwamba simu yake inazimika akiilaza. Alikuwa amevaa miwani ya jua, ya zile zinazokata mng'ao wa maji ili mvuvi aone chini. Nikamwambia avue. Simu ikawa nzima. Mwanga unaotoka kwenye vioo vya namna hiyo hutetemea upande mmoja tu, na miwani yake hupitisha upande mmoja tu. Pande zikikingamana, giza. Ni kama kasia: ukilisimamisha linapita kati ya fito za uzio, ukililaza linakwama. Kioo cha kompyuta yangu nacho kimejengwa hivyohivyo. Nyuma kuna taa inayowaka muda wote. Mbele yake kuna tabaka mbili za kuchuja mwanga zilizokingamana, ambazo zikiachwa peke yake zingeziba kila kitu. Katikati ya hizo kuna kimiminika ambacho chembe zake hujipanga kwa safu, na safu hizo zimesokotwa ili ziugeuze mwanga upate kupita. Ukitia umeme, safu zinanyooka, mwanga haugeuzwi, na nukta ile inakuwa nyeusi. Vimiminika hivyo viligunduliwa 1888 na Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Prague akishughulika na kemikali za karoti. Matumizi haya ya kusokota yakaja Uswisi 1970. Kwa hiyo herufi nyeusi kwenye skrini ya namna hii si wino wala si nuru. Ni mahali ambapo nuru imezuiwa.

Ustadhi alilipenda hili la kuzuiwa. Lililomshika zaidi ni jambo la tatu: nukta zile hazitulii. Chaji inayozinyoosha safu huvuja, hivyo kompyuta hupita mstari kwa mstari, juu hadi chini, ikiijaza kila nukta upya, mara 60 kwa sekunde. Tena kila inapopita huugeuza umeme, chanya kuwa hasi, kwa sababu ukisukuma upande mmoja tu kimiminika huharibika. Zile televisheni za chogo tulizozikuta kwa wazee zilikuwa na bomba lililotokana na lile alilolitengeneza Ferdinand Braun 1897, na zenyewe zilizidi: mshale wa elektroni ulipiga nukta baada ya nukta, na ulipofika chini, za juu zilikwisha kufifia. Picha nzima haikuwahi kuwapo kwenye kioo kwa wakati mmoja. Ilikamilika machoni mwa waliokaa sebuleni.

"Basi ni yale ya Ash'ari," akasema ustadhi, bila mshangao wowote.

Alikuwa na haki ya kutoshangaa. Abul-Hasan al-Ash'ari alifariki Baghdad yapata mwaka 936, na kutoka shule yake, ambayo ndiyo iliyotulea sisi wa pwani na bara yake, likaja fundisho linalowatia wanafunzi kizunguzungu: sifa ya kitu, iwe rangi, joto au mwendo, haidumu nyakati mbili. Weusi wa koti hili si ule wa punde. Mungu ameuumba, umekwisha, akauumba mwingine mfano wake, na sisi tukaona koti limekaa jeusi. Musa bin Maimun, yule tabibu Myahudi wa Misri aliyefariki 1204, aliyaeleza mafundisho haya kwa mfano wa kalamu, na hakuyaeleza kwa mapenzi. Kwa watu wa shule hiyo, anasema, mtu anapoandika, mkono hauisogezi kalamu. Mungu anaumba kutaka kwa mwandishi, anaumba uwezo wake, anaumba mwendo wa mkono, anaumba mwendo wa kalamu, na hakuna kati ya hivyo kinachokivuta chenziwe. Ghazali, mwanazuoni wa shule hiyohiyo, naye alikuwa amekwisha kusema hivyo juu ya moto na pamba katika kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa: tunaona pamba ikiungua moto unapoigusa, hatuoni moto *ukiunguza*. Tuonacho ni mazoea.

Nilipokuwa kijana niliyaona maneno haya kuwa ni ukaidi wa wacha Mungu. Sasa nakaa kutwa mbele ya chombo kinachofanya kitu kilekile. Kwenye skrini yangu mpira ukigonga mpira, wa kwanza hauusukumi wa pili. Kila fremu imechorwa kivyake, na mpira wa pili husogea kwa kuwa mchoraji ameuweka mbele kidogo. Anayetazama ataapa kwamba ameona sababu na matokeo.

Ila sharti nimpe mwanafalsafa Ibn Rushd zamu yake, maana yeye ndiye angefaa kuwa fundi kompyuta. Alimjibu Ghazali kwamba anayezikana sababu ameikana akili yenyewe. Hapa dukani angesema: fremu zimechorwa upya, sawa, lakini zimechorwa kutoka wapi? Kuna faili. Kuna kumbukumbu inayokaa pale huku kioo kikihangaika. Mwonekano unapita, tabia ya kitu inabaki. Ni hoja nzito, na kwa muda iliniridhisha. Kisha nikasoma jinsi kumbukumbu ya kompyuta inavyofanya kazi wakati programu imefunguliwa. Vijumba vyake navyo huvuja. Kila kimoja lazima kisomwe na kujazwa upya kabla ya muda ambao kwa kawaida ni milisekunde 64, la sivyo husahau. Kinachokichora kioo upya nacho kinachorwa upya. Chini zaidi, ile hazina ya simu inayohifadhi Yasini hata betri ikitolewa, chaji zake hukaa miaka, lakini nazo hazikai milele. Kila unaposhuka ngazi ukitafuta kitu kilichotulia, unakuta kingine kinachohifadhiwa.

Je, hii inathibitisha lolote juu ya ulimwengu? Hapana, na simpendi mhubiri atakayeichukua simu mimbarini akasema sayansi imekiri. Skrini imetengenezwa na watu, ingeweza kutengenezwa vingine. Zipo skrini za vidonge vya wino, zile za kusomea vitabu, ambazo chembe nyeupe na nyeusi huvutwa juu au chini mara moja kisha hubaki hapo hata umeme ukikatika. Mtu akitaka kuufananisha ulimwengu na hizo, hakuna wa kumkataza. Skrini yangu inathibitisha jambo dogo zaidi, lakini kwangu linatosha: kwamba kitu kinaweza kuumbwa upya mfululizo, na anayekitazama kwa macho mazima asione dalili hata moja. Kwa macho tu, ulimwengu wa Ghazali na ule wa Ibn Rushd ni ulimwengu mmoja. Tofauti yao iko kwenye shukrani. Kama ulimwengu ni ukurasa uliochapwa, anayeshukuru amshukuru mchapaji mara moja na kwenda zake. Kama ni kioo, hakuna wakati ambao shukrani imekwisha kulipwa. Mimi naelekea kwenye kioo, kwa moyo zaidi kuliko kwa hoja, na sioni aibu kusema hivyo.

Karatasi je? Karatasi ndiyo fatwa iliyoiita maandishi ya kweli. Siku zile tulizokuwa tukizichapa Yasini za ustadhi zilikuwa za 2024, ukame umelipunguza bwawa la umeme la Kariba na mgao wa umeme ukawa wa saa nyingi. Umeme ukakatika karatasi ikiwa imefika katikati ya printa. Nikafungua mlango wa printa, nikaivuta taratibu. Printa ya leza huanza kwa kuichaji ngoma, mwanga wa leza unachora herufi juu yake kwa chaji, unga wa tona unanasa palipochorwa, unahamia kwenye karatasi, na mwisho kabisa karatasi hupita kwenye roli za moto unaokaribia nyuzi 200, unga ambao kwa kweli ni plastiki unayeyuka na kushikamana. Nusu ya juu ya ukurasa wetu ilikwisha kupita motoni. Nusu ya chini ilikuwa unga mtupu. Herufi zote zipo, zimekamilika na nukta zake, zinasomeka. Lakini ukizipuliza, ni masizi hewani.

Tuliutazama ukurasa ule pamoja kwa tochi ya simu. Hii nusu ni msahafu? Imeandikwa juu ya kitu, haihitaji umeme, na bado haikai. Ustadhi hakujibu. Alikuwa na udhu, akauchukua kwa viganja viwili bila kuuinamisha, akautafutia mahali pakavu nyuma ya duka ili auchome, kama inavyoruhusiwa kwa kurasa zilizoharibika. Zilizobaki tulizichapa usiku umeme uliporudi.

Lipo pingamizi moja dhidi ya Ash'ari ambalo vitabu hulitaja kwa adabu, nami hulikuta kaunta kila mwaka. Kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa ili samaki wazaliane, fedha hukauka Kashikishi, na kila mtu huchapisha kwa mkopo. Machi nikianza kudai, ningependa sana yule anayesimama mbele yangu awe ndiye yuleyule aliyekopa. Nilimwekea ustadhi hoja hiyo: kama mtu anaumbwa upya kila dakika, wa Machi analipaje deni la wa Desemba?

"Mungu ataumba tena na deni," akasema. "Haitaachwa nyuma, fundi."

Madeni nayaandika kwenye daftari, kwa kalamu ya wino, si kwenye kompyuta. Ustadhi mwenyewe yumo, Yasini 40, na amekwisha kulipa nusu.