Kumheshimu Koko na Kumlinda Mtoto

Katika kurasa hizi tumezoea kusifu desturi za wazee wetu, na hatuoni haya juu ya jambo hilo. Lakini kuna swali moja linaloingia katika kila nyumba yenye mtoto mchanga, iwe Bukavu, Uvira, Kindu ao Lubumbashi: koko akisema hivi, na munganga akisema vile, tumsikilize nani? Wengi wanadhani hilo ni swali la dawa na chakula tu. Sisi tunaona ni swali la heshima, tena la haki, kwa sababu yule atakayeumia kama tukikosea hana kinywa cha kusema.

Tuchukue mfano wa maji. Mtoto amezaliwa, jua ni kali, analia. Mama yake alifundishwa ku lopitali kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi 6, bila maji, bila uji, bila chai ya majani. Ndivyo OMS inavyoshauri dunia nzima tangu mwaka 2001. Lakini mama mukwe amesimama mlangoni na kikombe mkononi: "Munaua mutoto na kiu! Bwana yako ulimuona kuwa mukubwa, sivyo? Alikunywaka maji siku ya kwanza, na hakukufa."

Tukiwa wakweli, hoja hiyo ni nzito. Koko hasemi mambo ya kusikia. Anasema aliyoyaona kwa macho yake, na ushahidi wake ni mtu mzima anayekaa pale kwenye kiti. Basi tumjibu nini?

Jibu la kwanza ni la hesabu. Katika kila gramu 100 za maziwa ya mama, karibu gramu 87 ni maji. Mtoto anayenyonya vizuri amekwisha kunywa, hata wakati wa joto. Tena maji ya mtungi ao ya kidumu yanaweza kubeba vijidudu vya kuharisha, na yanajaza tumbo dogo hata mtoto ananyonya kidogo, na maziwa yenyewe yanapungua.

Jibu la pili ni gumu zaidi kulitamka mbele ya mzee. Wale waliokunywa maji wakapona wako hapa wanatoa ushahidi. Wale waliokunywa maji wakafa hawakuitwa kwenye baraza. Kila koko anajua hilo moyoni mwake. Muulize kwa upole amezaa wangapi, kisha muulize amebaki na wangapi. Mara nyingi hesabu mbili hizo hazilingani. Hata majina yetu yanashuhudia: Mateso, Shida, Tabu. Mengi ya majina hayo hayakutolewa kwa mchezo. Kwa hiyo kusema "hakuna mwenye alikufa" si ushahidi wote. Ni nusu yake.

Lakini tusikimbilie kuwacheka wazee, kwani historia ya uganga wa kisasa yenyewe inawapa heshima. Sisi wa Kivu tunaujua ugonjwa wa bwaki: mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi, anakuwa na huzuni na hataki kula. Vitabu vya waganga vinauita kwashiorkor. Jina hilo halikutoka Ulaya. Ni neno la Waga, watu wa Ghana, na munganga mmoja mwanamke, Cicely Williams, alilisikia kwa akina mama wa kule akaliandika katika gazeti la waganga la Uingereza mwaka 1935. Maana yake, kama alivyoelezwa, ni ugonjwa wa mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Tazameni! Kabla munganga hajapima kitu, akina mama walikuwa wameona kwamba mtoto anayeachishwa ziwa mapema, sababu mwingine amekuja, ndiye anayevimba. Ujuzi ulikuwa ndani ya jina.

Hata kwetu wazee walikuwa na ujuzi huo, ingawa waliuvika nguo nyingine. Katika makabila mengi ya Kongo, mume na mke walitenganishwa kitanda wakati mama ananyonyesha, na iliambiwa kwamba maziwa yataharibika kama hawangojei. Maziwa hayaharibiki kwa njia hiyo, lakini mtoto alipata muda wake wa kunyonya, na mama alipata nguvu. Siku hizi OMS inashauri miezi 24 angalau kati ya kuzaa na mimba inayofuata. Wazee walifika pale pale kwa njia yao. Sababu waliyotoa haikuwa sawa, lakini kusudi lilikuwa sawa: mtoto aishi.

Hapo ndipo tunapoona mwanga. Kila desturi ya kulea ina vitu viwili: kusudi, na kitendo. Kusudi la kumpa mtoto maji ni kumlinda na kiu. Kusudi la kumwingizia maji ya majani kwa nyuma ni kusafisha tumbo. Kusudi la kumwaga maziwa ya kwanza, yale ya rangi ya manjano, ni kumkinga na uchafu. Makusudi hayo yote ni mazuri. Lakini vitendo hivyo vinapingana na makusudi yake. Maziwa yale ya manjano ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto. Naye mtoto anayeharisha, ukimwosha tumbo, unamwongezea kupoteza maji wakati anapohitaji kurudishiwa. Huyo anyonyeshwe zaidi. Kama amepita miezi 6, apewe pia maji ya chumvi na sukari: litre moja ya maji yaliyochemka na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari bila kilima, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Akiwa na macho yaliyoingia ndani, ao damu katika choo, ao ameshindwa kunyonya, ku lopitali mara moja. Aliye chini ya miezi 6 akiharisha apelekwe siku hiyo hiyo.

Basi, kumheshimu koko ni kushika nini: kusudi lake ao kitendo chake? Sisi tunajibu: kusudi. Anayeshika kitendo na kuacha kusudi anabeba mtungi uliotoboka kwa sababu mama yake aliubeba.

Mtu mmoja atasema: "Mukianza kuchagua hivyo, desturi itabaki kweli?" Swali zuri. Twende shambani tuone. Muhogo, mahindi, karanga, maharagi na viazi vitamu, vyote asili yao ni Amerika. Wareno walileta muhogo kwenye pwani ya Kongo katika karne ya 16, kisha ukasafiri polepole mpaka kwetu mashariki. Hata sambaza wa ziwa Kivu ni wageni: walichukuliwa ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo koko anakupikia bugali ya muhogo, sombe na sambaza, na anasema ni chakula cha mababu. Hakosei! Mababu ni watu walioona kitu kipya, wakakipima, wakakipokea kilipowafaa. Kupima na kupokea ni desturi yetu pia, tena ya zamani sana. Hatumwachi mzee kwa kufanya kama yeye.

Chakula hicho hicho kinatupa somo la mtoto wa miezi 6 na kuendelea. Uji wa muhogo peke yake unashibisha bila kujenga mwili. Mtoto analala vizuri, lakini bwaki inamngojea. Koko ana dawa yake jikoni: unga wa karanga, sambaza waliokaushwa na kusagwa, maharagi yaliyopondwa, majani ya lenga-lenga, mafuta ya mawese kijiko kimoja, matunda. Na yai pia. Kuna nyumba ambako watoto wanakatazwa yai, eti watakuwa wezi. Tunadhani wakati kuku walikuwa wachache, katazo hilo lililinda mayai yasimalizike kabla hayajaanguliwa. Leo kinachotakiwa kulindwa ni mtoto.

Sasa tuwageukie akina baba, kwa sababu hapa kuna uongo mmoja unaotuuma. Wako wanaume wanaopiga kifua wakisema "desturi yetu", lakini wanachagua ile sehemu isiyowagharimu hata franka moja. Mke asikatae neno la mama mukwe: hiyo ni desturi. Mtoto asilipiwe njia ya kwenda kuchanjwa: eti wazee hawakuchanjwa. Lakini ile desturi ya kumlisha vizuri mama aliyezaa, ya kumpumzisha asibebe kuni na maji, ya kumngojea mpaka mtoto akomae, hiyo wameisahau kabisa. Pesa ya yai haipatikani, ya chupa ya bia inapatikana. Mtu wa namna hiyo hapiganii mababu. Anawatumia kama fimbo.

Na chanjo si jambo dogo. Surua iliyoanza kuenea kwetu mwaka 2019 ilichukua watu zaidi ya 6,000 mpaka mwanzo wa mwaka 2020, wengi wao watoto chini ya miaka 5, na nchi nzima ilikuwa imeguswa. Sindano ya kwanza ya surua inatolewa kwa miezi 9. Wazee waliuogopa ugonjwa huo kuliko sisi, kwa sababu waliuona ukipita kijiji kizima. Kama chanjo ingekuwako wakati wao, ni nani angekataa?

Tuseme pia upande wa pili, ili haki iwe haki. Si kila mara mama anakataa lopitali kwa ajili ya ujinga. Iko mahali ambapo mama anapigiwa kelele mbele ya wengine sababu kitenge chake kimechafuka. Iko mahali ambapo anaelezwa yote kwa kifaransa, anaitikia "ndiyo" bila kuelewa. Usiku ule mtoto akiwa na homa, si muuguzi anayekaa naye, ni koko. Basi anayetaka asikilizwe kuliko koko ajifunze kwanza kuzungumza kama koko: kwa lugha ya nyumbani, kwa uvumilivu, bila dharau.

Tena kuna kazi ambayo koko anaishinda lopitali. Mtoto haongezeki kwa kilo tu. Anaongezeka kwa maneno. Yule mzee anayembeba mgongoni, anayemwimbia, anayemtajia majina ya vidole, anayemhadithia sungura na chui, anajenga akili yake kila siku. Siku hizi wazazi wengine wanamnyamazisha mtoto kwa telefone. OMS ilitoa shauri mwaka 2019: chini ya mwaka mmoja, mtoto asiwekwe mbele ya sinema wala telefone kabisa, na anapokuwa na miaka 2 mpaka 4, isizidi saa moja kwa siku. Mtoto mchanga anataka uso unaomjibu. Vita vilivyoanza mwaka 1996 vilitenganisha jamaa nyingi, na watoto wengi walikua mbali na mzee wa kuwahadithia. Aliye na koko nyumbani ana mali.

Kwa hiyo tufanye nini siku ile ya kikombe cha maji? Tunashauri hivi. Mume ndiye aongee na mama yake, si mke. Neno la mtoto wake wa tumbo halimuumizi kama neno la mukwe. Aongee kando, si mbele ya majirani. Aanze kwa kumshukuru. Kisha siku ya kilo, koko aende pamoja na mama, aone mizani, aulize maswali yake mwenyewe, ajibiwe kama mtu mzima. Na apewe kazi yake: kuogesha, kubembeleza, na kusimamia uji miezi 6 itakapofika. Mkono mmoja haulei mwana.

Na kama baada ya yote hayo koko bado anakataa? Hapo tusikwepe. Wazazi wasimpe mtoto kile wanachojua kitamdhuru, hata kama nyumba itanuna. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini hapa guu litakalovunjika si la wazazi, ni la mtoto, na hakuna mtu mwenye haki ya kulipa heshima yake kwa mwili wa mwingine. Koko akikasirika, hasira itapita. Mutoto akikufa, harudi.

Ndugu wasomaji, tunawaomba jambo moja. Jioni moja, kaeni na wazee wenu, muwaulize namna walivyolea: majani gani, chakula gani, nyimbo gani, na watoto gani waliwazika na kwa ugonjwa gani. Waacheni waseme mpaka mwisho, kisha andikeni. Mtapata mengi ya kushika, na machache ya kuacha, na labda wao wenyewe ndio watakaowaonyesha yapi ni yapi. Mkituletea maandiko hayo, tutayapokea kwa furaha.