Madaha na Mikono Mizito

Mwaka 2000 kampuni ya Sega ya Japani ilitoa mchezo wa video uitwao Jet Set Radio, uliotengenezwa kwa ajili ya mashine yake ya Dreamcast. Vijana waliovaa viatu vya magurudumu wanateleza katika mji wa kubuni wenye sura ya Tokyo, wanachora kuta kwa rangi ya kupuliza, polisi wanawafukuza, na dijei wa redio isiyo na leseni, Professor K, anawachochea kwa maneno na muziki. Ukiuwasha leo, jicho halioni uzee. Michezo mingi ya miaka ile ilijitahidi kuiga ngozi, majani na mwanga wa dunia halisi, ikachakaa mara tu mashine za baadaye zilipoiga vizuri zaidi. Smilebit, timu iliyoutengeneza huu, walipita njia nyingine. Wahusika wao walipakwa rangi bapa na kuzungushiwa mstari mweusi mnene, kama watu waliotoka kwenye kurasa za katuni. Kwa kuwa hawakuingia kwenye mashindano ya kuiga, hakuna aliyewapita.

Kisha unaushika mkononi. Beat, kijana mwenye miwani na vipokea sauti vikubwa masikioni, hataki kugeuka pale unapotaka ageuke. Anachelewa kushika kasi, anahitaji nafasi kubwa kukata kona, na reli uliyokusudia atue juu yake anaipita kwa shibiri moja. Kamera nayo ina mambo yake. Pedi ya Dreamcast ilikuwa na kijiti kimoja tu cha kuelekezea, hivyo kazi mbili zilibanwa kwenye kitufe kimoja: kitufe cha nyuma upande wa kushoto ndicho kinachoirudisha kamera mgongoni mwa Beat, na ndicho hichohicho kinachopuliza rangi. Unasimama kwenye kona, unataka tu kuona kilicho mbele yako, na unachotazama ni tofali.

Kitu kinachofurahisha kukitazama na kinachochosha kukitumia, tukiiteje? Swali hili limenikaa kichwani tangu niurudie mchezo huu, na naona ni kubwa kuliko mchezo wenyewe, maana linahusu madaha: ule wepesi wa mwili unaomfanya mtu apite barabarani na macho yamfuate. Je, madaha ni kitu kinachoonekana, au ni kitu kinachotendwa?

Jibu linalotolewa mara nyingi ni la kugawa. Sura ipewe maksi zake, uendeshaji upewe zake, kisha zijumlishwe. Silikubali. Mwanafalsafa C. Thi Nguyen, katika kitabu alichokitoa mwaka 2020 kuhusu michezo na utendaji, ameonyesha kwamba mtengenezaji wa mchezo hachongi picha na sauti peke yake. Anachonga utendaji wenyewe: malengo utakayokuwa nayo, uwezo utakaopewa, vizuizi utakavyokutana navyo. Uzuri unaozaliwa hapo haukai kwenye skrini, unakaa ndani ya anayecheza, pale tendo lake linapolingana barabara na kile linachodaiwa. Ukikubali hilo, huwezi tena kuuweka uzito wa mikono kwenye safu ya kasoro ndogondogo na kusonga mbele. Jet Set Radio unakuonyesha madaha na kukuahidi kwamba yatakuwa yako. Mikono ikishindwa, ahadi imevunjwa mahali palepale ilipotolewa.

Lakini madaha huvunjikaje? Mwaka 1810 mwandishi wa Kijerumani Heinrich von Kleist alichapisha insha fupi kuhusu vikaragosi vya kuchezeshwa kwa kamba. Ndani yake yumo kijana aliyejitazama kwenye kioo akakuta mwili wake umekaa sawasawa na sanamu mashuhuri ya mvulana anayechomoa mwiba mguuni. Alipotaka kuurudia mkao ule kwa makusudi, haukurudi, na kadiri alivyojikaza ndivyo uzuri ulivyozidi kumtoka. Kikaragosi hakina hatari hiyo, anasema mmoja wa wazungumzaji wa Kleist, kwa sababu hakijioni. Hapo namwona Beat. Aachwe amesimama tu, na mwili wake unacheza mdundo bila kukosea, kwa kuwa hakuna nafsi inayomwuliza chochote. Nikizishika kamba zake, wasiwasi wangu unaingia kwenye magoti yake. Upungufu anaouonyesha ni wangu, na kinachouma ni kwamba ameuvaa yeye, aliyekuwa mzuri kabla sijaja.

Kwa hiyo si haki kusema tu kwamba uendeshaji wa mchezo huu ni mbovu. Bernard Suits, aliyefundisha falsafa Kanada, alitoa mwaka 1978 kitabu cha kutetea maana moja ya mchezo: kucheza ni kujitakia vizuizi visivyo vya lazima. Anayecheza gofu angeweza kuubeba mpira kwa mkono na kuutumbukiza shimoni. Anakataa njia hiyo fupi kwa sababu bila ugumu alioukubali hakuna kinachochezwa. Ugumu, basi, hauwezi kuwa kosa kwa kuwa ugumu tu. Dakika zinazohesabiwa, polisi, reli nyembamba juu ya barabara ya Shibuya-cho: vyote hivyo nilivikubali nilipobonyeza kitufe cha kuanza. Kamera iliyokwama nyuma ya ukuta sikuikubali, na sidhani kama waliotengeneza mchezo walitaka niikubali.

Kipimo cha kwanza kinachokuja akilini ni kuuliza nani ananipinga, mji au pedi. Mji ukinipinga, huo ni mchezo, na pedi ikinipinga, hiyo ni hitilafu. Ni kipimo kizuri, ila hakifiki mbali, kwa sababu yako mambo yaliyo mpakani. Chukua uzito wa Beat. Mtu aliyevaa magurudumu hasimami ghafla wala hageuki papo hapo, akishapata kasi, kasi nayo imempata. Uzito ule unaotukera mwanzoni ni wa pedi au wa mji? Ukiuliza vidole vyangu siku ya kwanza vitakujibu vingine, na baada ya muda vitabadilisha jibu.

Mfano mkubwa wa mambo haya ya mpakani ni uchoraji wenyewe, na hapo nataka kukaa kidogo. Mchoro mdogo unapulizwa kwa kubonyeza kitufe mara moja ukipita. Mchoro mkubwa una masharti. Unafika mbele ya ukuta, unabonyeza, na Beat anasimama. Mishale inatokea kwenye skrini, nawe unaifuata kwa kijiti: nusu duara, robo duara, duara zima kuzunguka, kila pigo likifuata lenzake. Kopo moja linakwisha na jingine linafuata. Muda wote huo mwili uliokuwa ukiteleza umefungwa pale, mgongo uko wazi kuelekea mtaani, na Kapteni Onishima wa polisi anakaribia na bastola yake. Pigo likikosewa, sekunde zinapotea. Huwezi kukimbia bila kuliacha ukutani jambo ambalo hujalimaliza. Wapo wanaoilalamikia sehemu hii kuliko zote, kwamba inakata mtelezo na kumlazimisha mtu azungushe kidole kama anafungua mfuniko wakati alikuja kuruka.

Mimi naiona ndiyo moyo wa mchezo. Grafiti ya New York, ambako mtindo huu ulikua, ilizaliwa katika hali hiyohiyo. Gazeti la New York Times liliandika mwaka 1971 kuhusu kijana aliyesambaza jina TAKI 183 kila kona ya jiji, na kwa miaka karibu 20 mabehewa ya treni za chini ya ardhi yaliendelea kupakwa, hadi mwaka 1989 mamlaka ya usafiri ilipotangaza kwamba behewa la mwisho lenye michoro limeondolewa kazini. Mwenye kopo alilazimika kusimama mahali asiporuhusiwa, kwa muda ambao kazi inautaka, si muda anaoutaka yeye. Herufi zile zenye mapigo marefu ya mkono zina alama ya haraka na alama ya kutulia kwa pamoja, na mvutano huo ndio uliozipa uhai. Sega walijua walipotaka kwenda: baadhi ya michoro ya Jet Set Radio ilichorwa na Eric Haze, msanii wa New York aliyetoka kwenye ulimwengu huo. Nikisimama na Beat mbele ya ukuta, mkono wangu ukihangaika na nusu duara ilhali buti zinasikika nyuma, mchezo unanifanyisha kwa kidole kile ambacho picha yake inakizungumzia. Kuweka jina lako mahali pa watu wote kuna bei, na bei yenyewe ni kuacha kuteleza.

Ninaweza kusema hivi kwa uhakika zaidi kwa sababu historia ya mchezo imetupa majaribio mawili. Mwaka 2002 watengenezaji walewale walitoa Jet Set Radio Future kwa mashine ya Xbox. Mwendo ukawa laini, saa ya kuhesabu ikaondolewa, na uchoraji wa kufuata mishale ukafutwa: unapita kando ya ukuta, unabonyeza, rangi inajikalia. Ni mchezo mzuri, na mji wake ni mpana na wa kushangaza. Lakini kuta zake nilizipita bila kukumbuka hata moja. Mwaka 2012 mchezo wa kwanza ulitolewa upya kwa mashine mpya zaidi, ukiwa na picha safi na jambo moja kubwa, kwamba kamera sasa inazungushwa kwa kijiti cha kulia. Hakuna kilichopungua. Hakuna mahali ambapo nimeshika kijiti kile nikahisi kwamba nimenyang'anywa kitu.

Ugumu wa kwanza ulipoondolewa, uliondoka na maana. Ule wa pili uliondoka peke yake. Hapo ndipo napata kipimo ninachokiamini kuliko kile cha mji na pedi, na kinahitaji muda ili kifanye kazi. Uko ugumu unaogeuka kuwa uwezo, na uko usumbufu ambao haugeuki kamwe hata mtu akiuzoea. Maurice Merleau-Ponty, katika kitabu chake cha mwaka 1945 kuhusu utambuzi, alimweleza mpiga kinanda cha kanisani anayekuta chombo asichokijua, chenye safu na vibao tofauti na vyake, na ambaye kwa mazoezi ya muda mfupi tu yuko tayari kukipiga. Hakariri mahali pa kila kibao. Anakaa ndani ya chombo, mwili wake unakipima na kukifanya makazi. Uzito wa Beat unakubali kukaliwa hivyo. Inafika saa ambapo unaanza kugeuka kabla ya kona, unaruka mapema kwa sababu unajua kasi itakufikisha, na reli za Benten-cho usiku zinakupokea moja baada ya nyingine bila wewe kuzifikiria. Wasiwasi aliouzungumzia Kleist umelala, na madaha ya kwenye skrini yamekuwa, kwa dakika hizo, yako kweli. Kamera ya Dreamcast haikubali. Aliyeicheza kwa miaka anajua tu mapema zaidi kwamba itamkwamisha.

Kuna hoja inayonitia shaka, na siwezi kuiruka. Mtu atasema kwamba ubovu wote huu uko mikononi mwetu, kwamba tumelelewa na vijiti viwili mpaka tunadhani ndivyo viganja vilivyoumbwa, na kwamba kila kizazi huita kizito kile ambacho hakikukizoea. Ana haki kwa sehemu kubwa. Kushika pedi ya zamani ni kama kupanda baiskeli ya mtu mwingine: nusu ya unachokilaumu ni urefu wa miguu yako. Mwaka 2000 desturi za kuiongoza kamera katika mji wa pande tatu zilikuwa bado hazijatulia, na anayehukumu kazi ile kwa desturi zilizokuja baadaye anaihukumu kwa sheria ambayo haikuwapo. Hata hivyo, hoja hiyo ingekuwa kamili kama mazoea yangetibu kila kitu, na nimeshasema kwamba hayatibu. Mikono iliyozoea ndiyo shahidi bora hapa, kwa kuwa imeshalipa gharama ya kujifunza na sasa inaweza kueleza ni ipi iliyorudi na faida.

Wanaoupenda mchezo huu hukosea upande wa pili, na nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Penzi la muda mrefu hutaka kila kovu liwe urembo. Utasikia kwamba kamera ile ilikusudiwa kutuchanganya kama mji unavyochanganya, kwamba kitufe kubeba kazi mbili ni falsafa. Utetezi huo unauumiza mchezo, maana msikilizaji mwenye akili akishaona unatetea kila kitu, hatakuamini utakapofika kwenye kinachostahili kutetewa. Ukuta na kusimama mbele yake vinastahili. Ili nisikilizwe nikisema hivyo, lazima nikubali kwamba kamera ni mbovu.

Sega waliacha kutengeneza Dreamcast mwaka 2001, miezi michache tu baada ya mchezo kufika Marekani na Ulaya. Mwaka 2023 timu ya Uholanzi, Team Reptile, ilitoa Bomb Rush Cyberfunk, kazi inayoinamia wazi Jet Set Radio, na hata Hideki Naganuma aliyetunga muziki wa mchezo wa kwanza alichangia nyimbo. Desemba ya mwaka huohuo Sega wenyewe walitangaza kwamba wanatengeneza Jet Set Radio mpya. Najua ni kipi kitakachoondolewa kwanza mezani, kwa sababu soko hupenda mtelezo usiokatika, na watakaojaribisha mchezo wataandika kwamba uchoraji unawachelewesha. Kamera waitengeneze yote, wasibakize hata kumbukumbu yake. Magurudumu wayaache na uzito wa kutosha hata anayeanza aipite reli. Na kwenye ukuta mkubwa, wasimruhusu mchezaji achore huku anapita.