Macho nayo yana halali na haramu yake

WIKI chache zilizopita, baada ya swala ya Isha, nilialikwa nyumbani kwa kijana niliyepata kumfundisha. Alikuwa amerejea kutoka Japani alikokwenda kwa mafunzo. Mkewe alimfuata mwishoni, nao wakapumzika siku nne katika mji wa Hiroshima. Baada ya chakula wakanionyesha picha.

Walitembea vizuri. Walipanda tramu, wakavuka kwa boti hadi kisiwa cha Miyajima, ambako paa hutembea mitaani bila kuogopa watu. Katika chakula walikuwa waangalifu mno. Chakula mashuhuri cha mji ule ni okonomiyaki, mithili ya chapati ya maji inayopangwa kabeji, tambi na yai juu ya bamba la chuma la moto, na kwa kawaida huwekwa nyama ya nguruwe. Walimwomba mpishi aiache nyama, akakubali. Lakini walipoona bamba ni lile lile linalopikiwa nguruwe, wakashukuru, wakaondoka, wakala wali na samaki kwingine. Niliwapongeza.

Kisha ikaja picha moja. Wamesimama bega kwa bega, wanacheka, vidole viwili juu. Nyuma yao kuna jengo lililobaki mifupa, kuba lake ni vyuma vitupu. Mke akashusha sauti: "Ustadhi, hapa hatukukosea?" Kabla sijajibu, mumewe akadakia: "Tukosee nini? Kila mgeni anapiga picha pale. Na wala wale hawakuwa Waislamu."

Ndugu msomaji, jengo lile lilikamilika mwaka 1915 kwa ajili ya maonyesho ya bidhaa. Agosti 6, 1945, saa 2:15 asubuhi, ndege ya Marekani iliangusha bomu la atomiki lililolipuka mita zipatazo 600 juu ya mji, karibu kabisa na hapo. Hadi mwaka ule unamalizika, watu wanaokadiriwa kufikia 140,000 walikuwa wamekufa. Maelfu ya wanafunzi walikuwa nje asubuhi ile, wakibomoa nyumba ili moto usisambae endapo mji ungeshambuliwa. Mtoto Sadako Sasaki alikuwa na miaka miwili. Alisalimika, akakua, kisha akaugua saratani ya damu na kufa mwaka 1955 akiwa na miaka 12.

Nianze na kauli ya mume. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume (SAW) alisimama lilipopita jeneza. Akaambiwa ni la Yahudi. Jibu lake likawa ni kuwakumbusha kuwa naye ni nafsi. Na katika Surat At-Takwir tunaelezwa kuwa binti aliyezikwa hai ataulizwa ni kwa dhambi gani aliuawa. Mabinti wale walikuwa watoto wa washirikina. Dhulma haiachi kuwa dhulma kwa sababu ya dini ya aliyedhulumiwa.

Je, basi tusitembee? Hapana. Kutembea katika ardhi tumeamrishwa, lakini amri hiyo imefungwa pamoja na kutazama (Al-Ankabut, 20). Na Surat Al-Hajj, aya ya 46, inatubainishia kuwa upofu hasa ni wa nyoyo. Mtume (SAW) alipopita Hijr, kwenye makazi ya Thamud, aliwakataza masahaba wasiingie ila wawe wanalia.

Atasema mtu: Thamud waliangamizwa kwa dhulma zao wenyewe, vipi uwalinganishe na Hiroshima? Ni kweli, hawalingani. Jeshi la Japani lilifanya maovu makubwa huko China na kwingineko, lakini mtoto wa miaka miwili hakuwa jeshi. Na hapo ndipo ilipo hoja yangu. Ikiwa kwenye magofu ya waliodhulumu tumetakiwa tupite kwa majonzi, seuze kwenye magofu ya waliodhulumiwa?

Sisemi kucheka Hiroshima ni haramu. Wenyeji wenyewe wanacheka, wanaoana, wanafanya biashara. Tramu zao zilianza tena kutembea siku tatu tu baada ya bomu. Furaha ya mume na mke ni neema, na boti ya Miyajima ilikuwa mahali pake. Lakini kila mahali pana adabu yake. Nasi tungeumia kumwona mgeni akichekea kamera ndani ya vyumba vinavyosemekana kuwa ndimo walimofungiwa watumwa kule Mkunazini, Zanzibar.

Kilichonigusa ni kwamba wawili wale waliuliza habari za bamba la chuma, wasiulize habari za macho yao. Na hapa tumo sote. Tumekuwa hodari wa kuchunguza kilichomo ndani ya pipi na biskuti, na ni jambo jema. Lakini ikitokea ajali barabarani, wangapi kati yetu huanza kutoa simu kabla ya kutoa mkono?

Nilimwambia yule bibi kuwa aliyeuliza ameshaanza kuona. Mumewe alinyamaza kitambo. Kisha akasema kuwa katika bustani ile waliipita sanamu ya msichana aliyenyanyua ndege wa karatasi, wala hawakusimama kusoma ni ya nani. Nikamwambia ilijengwa kwa ajili ya yule Sadako na watoto wenzake.

Wallahu a'alam.