Jina la Mtoto ni Amana: Khabari ya Vyeti vya Kuzaliwa

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu Mtukufu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, tujaaliwapo mtoto hufanya haraka katika mambo ya kheri. Huadhiniwa sikioni, na siku ya saba hufanyiwa akika na kupewa jina, majirani wakaja kula na kuomba dua. Haya ni mema. Walakini liko jambo moja tuliachalo hata mtoto akakaribia mtihani wa taifa, nalo ni kuandikisha uzazi wake kwa msajili na kutwaa cheti chake chenye muhuri. Hapo ndipo baba hukumbuka, akaenda mbio afisini, na akiambiwa angoje hukasirika. Twapenda kulisema jambo hili wazi, kwani kwetu sisi ni jambo la dini kabla ya kuwa la serikali.

Wako wasemao kuwa wazee wetu waliishi bila ya karatasi hizi. Ni kweli, na walikuwa na sababu. Sharia ya kuandikisha uzazi na vifo ilitungwa mwaka 1928, zama za utawala wa Kiingereza, na mtu wa wakati ule akiona jina lake laandikwa afisini alikhofu kodi. Lakini zama zile zimepita, na khofu ile leo haimkingi mtu. Humdhuru mtoto tu.

Wala Uislamu haujapata kuwa adui wa kalamu. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani, ya 282 ya Suratul Bakara, yatuamrisha kuandika deni na kushuhudisha mashahidi, na yamkataza mwandishi kukataa kuandika. Mtume (s.a.w.) aliamuru yaandikwe majina ya waliosilimu, yakafika watu 1,500, kama alivyosimulia Hudhaifa. Na Sayyidna Umar aliweka madaftari ya majina ya watu ili kila mmoja apate haki yake katika Baitul Mali. Basi ikiwa deni la fedha laandikwa, nasaba ya mwanadamu yaachwaje ielee katika vinywa vya watu?

Na tutazame faida yake. Kwa cheti hiki mtoto huandikishwa mtihani. Kwa hiki kijana wa miaka 18 huombea kitambulisho, na Hujaji akapata pasi ya kusafiria. Na siku ya kugawa mirathi mbele ya Kadhi, cheti humsaidia yatima kuonyesha kuwa ni mwana wa marehemu. Ni kweli kwamba cheti peke yake si dalili ya uraia, na hivyo kimeandikwa chenyewe. Lakini ndicho mlango wa kwanza. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa.

Hatukatai kuwa wako watu wetu wa Pwani waliotaabishwa, wakaulizwa karatasi za babu zao hali wenzao hawakuulizwa. Hiyo ni dhulma, na kuipinga ni wajibu. Wamakonde wa Kwale walikaa miaka mingi bila ya vitambulisho, hata mwaka 2016 wakafunga safari kwenda Nairobi kudai haki yao, ikaamriwa wapewe. Lakini mwenye kudai haki hali mikono mitupu humrahisishia dhalimu kazi yake. Tusijidhulumu wenyewe kwa uzembe, kisha tukalia kuwa tumedhulumiwa na wengine.

Basi yatupasa tufanyeje? Kwanza, mtoto aandikishwe ndani ya miezi 6. Aliyezaliwa hospitali huandikiwa huko. Aliyezaliwa nyumbani habari zake hupelekwa kwa naibu wa chifu. Wengi hupewa kile kikaratasi cha taarifa wakadhani ndicho cheti. Sicho. Cheti huombwa kwa msajili, na ada yake hulipwa. Miezi 6 ikipita, mtoto haandikishwi ila kwa idhini ya msajili mkuu, na hapo ndipo safari za nenda rudi huanza. Na cheti kikipotea msikate tamaa: daftari lingalipo, na mtu huweza kuomba nakala nyingine iliyothibitishwa.

Pili, jina liwe moja. Hospitalini jina huulizwa siku ya uzazi, na sisi twangoja siku ya saba. Likaandikwa lolote, kisha chuoni mtoto ni Muhammad, skuli ni Mohamed, na kwenye cheti ni jina jingine kabisa. Sharia yampa mzazi muda wa miaka 2 tangu kuandikisha alitie jina au alibadili, basi autumie. Na kabla hajaondoka afisini, asome herufi moja moja.

Tatu, nalo ndilo kubwa, iandikwe kweli. Wako wamleao mtoto wa ndugu yao wakamwandikisha kuwa wamemzaa wao, na kuona wametenda wema. Kulea ni thawabu kubwa, lakini kumtoa mtoto katika nasaba ya babake kumekatazwa katika aya ya 5 ya Suratul Ahzab. Zaid, aliyekuwa akiitwa mwana wa Muhammad, alirudishiwa jina la Haritha babake, na mapenzi ya Mtume kwake hayakupungua. Mwenye kuandika uongo huu huwapotosha warithi, na huchanganya wanaooana na wasiooana. Hata serikali imetambua malezi haya ya kwetu, kwani Sharia ya Watoto ya mwaka 2022 imeitaja kafala kwa jina lake. Hakuna haja ya uongo. Na umri usipunguzwe ili kijana apate nafasi, wala hongo isitolewe ili karatasi itoke upesi, kwani mtoaji na mpokeaji wote wamelaaniwa.

Twawaomba maimamu wakumbushe haya baada ya sala ya Ijumaa, na walimu wa vyuo wamuulize kila mzazi aletaye mtoto: je, cheti chake kiko wapi? Na katika karamu ya akika, kabla sahani hazijaondolewa, mzee mmoja asimame aulize swali hilo hilo. Mtoto hawezi kwenda afisini kwa miguu yake. Sisi ndio tulioaminiwa naye, na kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga.

Mwenyezi Mungu atupe wana wema, na atuwezeshe kuzitimiza amana zao. Amin.