Masharti ya Amani kwa Waliokwisha Kushindwa



Somo ni 1 Samweli 11, aya ya 1 na ya 2. Watu wa Yabeshi-Gileadi walizungukwa na adui, wakaomba masikilizano. Nahashi Mwamoni akakubali kwa sharti moja: kila mtu atobolewe jicho la kuume. Ile ilikuwa amani gani?

Sisi wa Lubumbashi tunalijua jambo hili bila kwenda Gileadi. Katanga ilijitenga tarehe 11 mwezi wa saba 1960, na hakuna inchi hata moja iliyoitambua. Vita vikaja. Tarehe 14 mwezi wa kwanza 1963 Bwana Tshombe na mawaziri wake, wakiwa Kolwezi, wakatangaza kwamba wako tayari kumaliza kujitenga. Masharti yalikuwa yale ya mpango wa U Thant wa 1962: Kongo moja yenye katiba ya shirikisho, jeshi moja, feza moja, mapato kugawanywa nusu kwa nusu kati ya Leopoldville na Katanga, tena msamaha kwa wote.

Mimi ninasema masharti yale hayakuwa jicho la kuume. Anayelilia Katanga akumbuke vilevile Baluba waliojaa katika kambi ya wakimbizi hapa mjini 1961, maelfu na maelfu, kwa kuiogopa serikali ya Katanga hiyo hiyo. Kudai inchi iwe moja si zulumu.

Zulumu iliingia nyuma, katika kutotimiza. Mtu aliyekwisha kuweka silaha chini anashika kitu gani tena? Neno la mshindi tu. Ile nusu kwa nusu haikuja. Wajandarma wengi hawakuuamini msamaha, wakavuka kwenda Angola. Mwaka 1977, na tena 1978, walirudi na silaha pamoja na vijana wao, na Kolwezi ikamwaga damu ya watu ambao hawakuulizwa lolote mwaka 1963.

Sasa musome 2 Samweli 21. Yoshua aliwaapia Wagibeoni, hata kama walimdanganya. Miaka mingi ikapita, Sauli akawaua. Njaa ya miaka 3 ikaikamata inchi, na wakati ule mfalme alikuwa Daudi! Mungu hakusema kwamba hao ni watu wadogo, kiapo chao kimezeeka. Ikabidi mfalme mwenyewe awaite, awaulize wanataka kutendewa nini. (Jibu lao lilikuwa kali sana, musome wenyewe.)

Hapa Bel-Air tunaomba pamoja, watoto wa wajandarma, watoto wa askari wa Leopoldville, na watu wa Kasai waliorudi baada ya kufukuzwa mwaka 1992 na 1993. Wengine kati yao waliahidiwa na jirani, labda na ndugu wa kanisa, kwamba nyumba au kiwanja kitarudishwa. Mwenye kungoja mpaka leo aje kwa mashemasi Jumatano baada ya maombi. Na yule aliyeahidi aje siku hiyo hiyo, na karatasi zake.