Kuzunguka Bila Mawasiliano
Andiko: Ufunuo 3:1-3



Kuanzia 1969, Umoja wa Kisovieti ulirusha satelaiti za hali ya hewa zilizoitwa Meteor. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za mawingu na kuzituma duniani. Nchi yenyewe ilivunjika 1991, lakini baadhi ya satelaiti hizo ziko juu hadi leo. Kule hewa ni kidogo mno, haiwezi kuzipunguza mwendo upesi. Zimezimika, lakini bado zinazunguka, zinapita hata juu ya Eastlands. Mafuriko yalipoingia Mathare 2024, chombo kilichozimika hakingeweza kumwonya mtu.

Mimi nilisoma biashara. Duka linaweza kufunguliwa kila asubuhi na lisiuze kitu. Ndivyo lilivyokuwa kanisa la Sardi: sifa nje, kifo ndani.

Mwaka jana nilikuwa mimi. Ibada Jumapili, ushirika wa nyumbani Jumatano, kesha Ijumaa. Kijana mmoja wa Umoja akanipigia usiku, analia: "Pasta, niombee." Nikafungua mdomo, sina neno. Ratiba ilijaa, ila mimi na Mungu hatukuwa tumeongea kwa wiki nyingi.

Mpendwa, unaimba, unapokea wageni, unatoa zaka. Je, bado unamsikia? Kwa Sardi, Bwana hakuongeza kazi. Alisema wakumbuke, watubu. Leo usiku zima simu, piga magoti. Ukitaka wa kuomba naye, nione baada ya ibada.